Paa la Kipara

Sehemu ya Tisa

"Injinia, gari halijanyeshewa. Hata tone."

Hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita, na msomaji mmoja wa Kyela alinipigia simu kunisema kama mtoto wake. Yaishe, mama. Leo tunaendelea palepale.

Isakwisa, fundi wa bodi za magari kutoka Tukuyu mjini, alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Esnath, mama yake Atupokile, kidole chake cheupe kwa chaki. Atupokile alikuwa bado ana kompyuta mapajani.

"Rudia," alisema.

"Ijumaa asubuhi nilichora chaki kwenye maungio yote ya paa, ili tuone maji yanapita wapi. Nimepanda kuangalia sasa hivi. Chaki ipo. Yote. Hata alama ndogo niliyoweka pembeni kushoto. Mvua ya siku tatu ingeiacha?"

Atupokile alitazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Ripoti yake ilikuwa imeondoka kwenda Marekani saa nne kasoro kumi.

Kwa aliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, sikiliza haraka maana hatuna muda. Atupokile ni binti wa kijiji cha Lufingo aliyesoma mpaka akawa mhandisi katika kampuni ya magari kule Detroit. Jina la kampuni tunalihifadhi, wanasheria wao hawana kazi nyingine. Miaka saba sasa wanatengeneza gari la anasa la viti viwili. Injini ni ya Marekani, silinda nane. Sura ni ya Ulaya: bodi inachorwa na kufinyangwa Italia, halafu inapandishwa ndege kwenda kuvishwa injini Detroit. Paa ni la kitambaa, linajikunja lenyewe na kupotea nyuma ya viti. Watu wa Lufingo walipoliona limefunuliwa wakaliita Kipara, na jina likanasa.

Kipara kina ugonjwa mmoja. Paa linavuja, lakini si kila siku, na si mbele ya wakubwa. Miaka miwili Atupokile ameomba mpira mnene zaidi kwa milimita nne na mfereji mwembamba wa kutolea maji. Miaka miwili bosi wake amemjibu kwamba Mtaliano aliyelichora hataki, utaharibu umbo.

Mwishowe wakakubaliana kulipeleka gari mahali ambapo mvua haina aibu. Atupokile akasema anapajua. Siku tatu uwanjani kwa mama yake, mwezi wa nne, bila kuguswa. Likivuja, uzalishaji unasimama mpaka paa litengenezwe upya. Likibaki kavu, magari elfu moja na mia mbili yanaanza kutengenezwa hivyohivyo. Bodi ya kampuni inakaa leo, saa kumi jioni kwa saa za Tukuyu. Na ripoti itakayosomwa mbele ya bodi ina saini moja tu, yake. Wateja wakilowa, wa kupelekwa mahakamani anajulikana.

Ripoti aliyoituma inasema: kavu.

"Haiwezekani," alisema Atupokile. "Kipima mvua pale nje kimesoma milimita mia mbili na kumi na moja!"

"Kipima mvua kiko kwenye mti wake, pale karibu na parachichi," alisema Isakwisa. "Sisemi mvua haikunyesha. Nasema gari halikunyeshewa."

Atupokile alitoka nje mbio, miguu mitupu.

Hakika, chaki ilikuwepo. Asubuhi ile alikuwa amefungua mlango, akaangalia kipimo cha maji kilichofichwa chini ya viti, akaona sifuri, akaingia ndani kuandika. Hakuwa amelizunguka gari. Mhandisi mzima, shahada mbili, hakulizunguka gari! Alitamani ajipige kofi.

Halafu akaona kitu kingine. Nyuma ya jiko kulikuwa na rundo la mianzi mibichi, imekatwa na kupangwa vizuri kama kuni. Jana jioni aliporudi kutoka uwanja wa ndege wa Songwe, alikokwama siku mbili akimsubiri Mtaliano ambaye ndege yake ilikuwa inazuiwa na ukungu, aliiona mianzi hiyo. Hakuuliza.

"Mama!"

Mama Esnath alitoka jikoni akifuta mikono. Mama huyu na herufi moja ya alfabeti hawajapatana tangu azaliwe, mtaisikia wenyewe.

"Gwe Atu, mbona unapiga kelele na mgeni anakula?"

"Mama, mianzi hii ya nini?"

"Ya banda."

"Banda gani?"

"Banda la gali lako. Tulijenga Ijumaa mchana, ulipoondoka tu. Jana mvula ilipokatika saa sita nikasema libomolewe, mgeni anakuja, uwanja uwe safi."

Atupokile alishika kichwa. "Nilisema lisiguswe! Nilisema mara tatu!"

"Nani kaligusa?" Mama alikasirika kweli. "Muulize Danieli. Nguzo tumesimika pembeni, majani ya migomba tukalaza juu ya nguzo, na tulubai tukaazima kituo cha chai. Gali halikuguswa hata kwa kidole. Jilani yetu Tusajigwe na akina mama wa jumuiya wamefanya kwa saa mbili, tena wanaimba."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa nini? Nilikuwa nakusitili! Gali la thamani limesimama mvulani, watu wanapita na majani yao ya chai wananiuliza, Mama Atu, mwanao ametoka Malekani na gali, amekosa hata tulubai? Ningewajibu nini? Kwamba Wazungu wamemwambia aliache lilowe?"

"Ndiyo, mama! Ndiyo hivyo hasa walivyoniambia!"

Mama Esnath alimtazama kama mtu aliyeanza kuugua. "Ee Kyala, Mungu wetu," alisema taratibu. "Kumbe wanakutesa hivyo."

Mlinzi Danieli naye aliitwa. Mzee wa watu alikuja na koti lake refu na dhamiri safi.

"Shikamoo, mzee. Nilikuacha ulinde nini?"

"Marahaba. Ulisema nilinde lisiguswe. Halikuguswa. Tena banda lilinisaidia, na mimi nilikaa humohumo, sikulowa."

Utamgombeza mtu kama huyu kwa lipi? Atupokile alirudi ndani, akaandika barua pepe: jaribio la siku tatu si halali, gari lilifunikwa, futeni ripoti.

Kabla hajaituma, ya bosi ikaingia. Kule ilikuwa saa tisa na nusu usiku, na mtu yule hakuwa amelala.

"Kavu! Hongera sana. Nimeshafuta oda ya mpira mnene. Sasa nalala."

Atupokile akatuma yake. Akapiga simu. Ikaita. Akapiga tena, imezimwa. Bosi alikuwa amesikia alichotaka kusikia, akalala.

Majibu yalikuja saa saba mchana, na nitayaweka hapa kama yalivyokuwa ili msinione namwonea mtu.

"Miaka miwili umeutaka mpira huo. Leo vipimo vimekukataa, unaniletea hadithi ya majani ya migomba. Bodi itacheka. Nipe video ya maji yakiingia ndani, Mtaliano akiwa shahidi, kabla ya saa kumi yenu. La sivyo ripoti inasimama. Nimeangalia hali ya hewa ya kwenu. Jua."

Atupokile alitoka nje. Mlima Rungwe ulikuwa wazi mpaka kileleni, hauna hata kitambaa cha wingu. Siku nane mfululizo mvua ilikuwa imenyesha mpaka vyura wakachoka, na leo, leo hii, anga limepigwa pasi!

"Mungu wangu, na wewe uko upande wao?" alisema kwa sauti.

Mtaliano alikuwa kwenye mkeka barazani, anamalizia ndizi na maziwa ya mgando. Jina lake watu wa Lufingo walilijaribu mara mbili wakaliacha. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe, shati la kitani, na mkononi kila wakati kijitabu cha kuchorea. Kiingereza chao nawatafsiria.

"Gari langu ni kavu," alisema kwa furaha kabla Atupokile hajakaa. "Nimesikia. Unaona sasa? Halihitaji matambara ya mpira."

"Lilifunikwa."

"Na nani?"

"Na mama yangu."

Mtaliano alimtazama Atupokile, akamtazama Mama Esnath aliyekuwa anamwongezea maziwa, akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Wewe hulipendi gari langu. Tangu mwanzo. Kila mwezi napokea malalamiko yako. Milimita hapa, milimita pale."

"Nalipenda kuliko wewe! Wewe unalipenda likiwa kwenye karatasi. Mimi nataka mtu alinunue, aliendeshe, anyeshewe, afike nyumbani mkavu. Panda nami. Mvua ya kwanza tutakayoipata, tunakaa ndani pamoja. Likibaki kavu, nakuomba radhi mbele ya bodi."

"Na likivuja?"

"Utasema kwamba umeona."

Mtaliano alifunga kijitabu. "Twende. Mvua iko wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali.

Isakwisa alipendekeza wakaanzie Kawetele, kwa Prosper anayeosha magari kwa pampu. Wakaenda, yeye mbele na pikipiki, Kipara kikifuata kwa mngurumo uliowatoa watu madukani. Prosper alikuwa tayari na bomba lake, miguu ameitanua kama askari.

Mtaliano alijaribu maji kwa kiganja, kiganja kikarudi nyuma.

"Hii si mvua," alisema. "Hii ni vita. Kwa nguvu hii hata benki itavuja. Sitashuhudia."

Na mwanamke wetu, kwa uchungu wote aliokuwa nao, alijua mzee anasema kweli. Tena wakilowesha viti kwa pampu, jaribio la haki halitakuwepo tena. "Funga bomba, Prosper," alisema.

Saa nane kasoro. Kila mwenye simu pale akapiga kwao. Masoko jua. Kiwira mawingu tu. Busokelo jua kali. Nimeishi Rungwe miaka yangu yote, sijawahi kusikia watu wakiulizana mvua iko wapi kama wanaotafuta mbuzi aliyepotea!

Halafu simu ya Isakwisa ikalia. Shemeji yake.

"Nkunga!" alipaza sauti. "Nkunga inamwagika sasa hivi! Hata hasikiki kwa kelele za bati!"

Wakaondoka. Atupokile aliendesha gari la dola laki moja na nusu kwenye barabara ya udongo kama anaendesha trekta, Mtaliano akishika mlango na kuomba kwa watakatifu wa kwao kila tumbo la gari lilipokwaruza jiwe. Njiani wakaanza kuona matope. Halafu madimbwi. Majani ya chai yakimeta pande zote, harufu ya udongo uliolowa. Moyo wa Atupokile ukapanda.

Walipofika kijijini, jua likatoka.

Mama mmoja, Winfrida, alikuwa anakung'uta mwavuli wake kando ya njia, bado unachuruzika maji.

"Ugonile, mama," alimsalimia Atupokile. "Mvua iko wapi?"

"Ndaga. Mvua?" Winfrida alishangaa. "Imepita sasa hivi, mwanangu. Mmeikosa kidogo tu. Imepanda huko juu." Akaonyesha kwa kidevu. "Lakini gari lako zuri hivyo, bora mmeikosa."

Atupokile aligonga usukani kwa ngumi mbili. Alilia pia, sitaficha. Machozi ya hasira, yale yanayotoka bila sauti. Miaka saba ya kazi, na anashindwa kupata kitu ambacho Rungwe inakigawa bure!

"Panda," alisema Mtaliano ghafla. "Panda juu. Ifuate."

"Barabara ya juu ni mbaya."

"Mimi ndiye niliyelichora. Nasema panda."

Ajabu hiyo. Atupokile akapanda.

Mita mia tatu mbele, kwenye kona yenye udongo mwekundu, Kipara kililala upande mmoja kama ng'ombe aliyeamua kutoendelea. Magurudumu yakazunguka bure. Akajaribu mbele, akajaribu nyuma. Gari likazama mpaka kwenye kitako. Isakwisa alishuka kwenye pikipiki, akachungulia chini, akatikisa kichwa.

"Injinia, hapa mpaka watu kumi."

Saa tisa na dakika tano.

Na hapo, kwa ukorofi wake wa kawaida, mvua ikarudi.

Haikuanza kidogokidogo. Ilikuja yote, nzito na baridi, ikapiga kitambaa cha paa mpaka wawili wale walio ndani wakalazimika kupaza sauti. Isakwisa akakimbilia chini ya mti. Atupokile alizima injini, akawasha kamera ya simu, akaielekeza kwenye maungio.

"Dakika thelathini," alisema.

Hawakumaliza hata tano. Nje kulikuwa na sauti za watu. Winfrida na wachuma chai sita, vikapu mgongoni, aproni za nailoni zikitiririka maji, walikuwa wanakuja mbio wameshika majani ya migomba. Mapana, mabichi, wameyakata sasa hivi.

Jani la kwanza likalala kwenye kioo cha mbele. La pili likapanda juu ya paa.

"Hapana!" Atupokile aliteremsha kioo kidogo. "Msilifunike! Mama, msilifunike!"

"Linalowa, dada!"

"Liacheni lilowe!"

"Lilowe?"

"Ndiyo! Nataka lilowe! Nimelitafutia mvua tangu mchana!"

Wanawake wakatazamana. "Amechanganyikiwa," alisema mmoja bila kuficha. "Ni huyo Mzungu, amemfanya nini?"

Ilibidi Isakwisa atoke chini ya mti aje aeleze, amelowa chapachapa, kwa Kinyakyusa, kwa mikono, kwa kuapa. Mwishowe Winfrida akayaondoa majani yake moja moja kwa masikitiko. Wakasimama kando wakilitazama gari zuri likinyeshewa, wengine wakisonya.

Ndani kulikuwa kukavu. Dakika kumi, kavu. Dakika ishirini, kavu kabisa. Mgongo wa Mtaliano ulikuwa umenyooka kwa fahari, na Atupokile, ambaye amepigana na paa lile miaka miwili, akajikuta anaomba kimoyomoyo libaki hivyohivyo. Ndiyo, aliomba awe amekosea. Angeomba radhi mbele ya bodi, angelala usiku huo, na gari alilolipa ujana wake lingekuwa gari zima.

Dakika ya ishirini na tatu, tone likaanguka kwenye goti la Mtaliano.

Alilitazama. La pili likaanguka palepale. Halafu yakawa hayahesabiki, uzi mwembamba wa maji ukishuka kutoka kwenye ungio la kushoto, juu ya kiti cha ngozi iliyoshonwa kwa mkono, mpaka sakafuni.

Atupokile alirekodi kila kitu. Hakufurahi hata chembe.

"Umeona," alisema.

Mtaliano alinyoosha kidole mpaka kwenye ungio, akapapasa. Uso wake ulibadilika. Akapapasa tena, haraka, kama mtu anayetafuta pochi mfukoni.

"Mfereji uko wapi?" aliuliza.

"Mfereji gani?"

"Mfereji wangu! Hapa, chini ya ungio. Niliuchora mwenyewe. Miaka miwili iliyopita!"

Alifungua kijitabu, akarudisha kurasa nyuma, nyuma sana, akaonyesha. Mchoro wa penseli, tarehe pembeni. Mfereji mwembamba unaofuata mstari wa paa mpaka nyuma, na ukingo wa mpira mnene umefichwa chini yake, umbo la gari halijaguswa. Ulikuwa mzuri kuliko ule aliouwaza Atupokile mwenyewe.

"Waliniambia wewe ulikataa," alisema Atupokile. "Waliniambia hutaki kuona mpira kwenye gari lako."

"Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyekataa! Kwamba mhandisi wa paa anasema mfereji hauna kazi."

"Nani alikuambia?"

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anabeba maneno kati ya Italia na ofisi ya Atupokile. Mfereji na mpira vilikuwa vinaongeza gharama kwa kila gari, na bosi alikuwa ameahidi bodi kuipunguza. Kwa hiyo akachukua wazo lililopendwa na wote wawili, akamwambia kila mmoja kwamba mwenzake analichukia. Miaka miwili watu hawa wamechukiana bure.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Mtandao ulikuwa nukta moja. Atupokile akatuma video. Ikasogea, ikasimama, ikasogea. Akatoa mkono dirishani akaiinua simu kwenye mvua, Isakwisa akaidaka na kuishika juu zaidi, amesimama kwenye kiti cha pikipiki.

"Imeenda!" alipiga kelele. "Imeenda, Injinia!"

Hakuwa ameimaliza furaha yake simu ikaanza kulia mkononi mwake. Akairudisha dirishani kama kaa la moto.

Bosi.

"Nimeiona," alisema bosi, sauti ya chini. "Sasa nisikilize, nina dakika mbili. Ukisema linavuja, mradi unafungwa leo. Hakuna gari, hakuna mfereji, hakuna kitu. Miaka saba yako inaenda jalalani. Ukisema kavu, tunaanza uzalishaji, na mwaka wa pili naweka mfereji kimyakimya. Naupa jina lako. Atupokile, mimi na wewe tunataka kitu kimoja."

"Na watakaolinunua mwaka wa kwanza?"

"Watu wenye gari kama hilo wana gereji."

Atupokile alitazama maji yakikusanyika kwenye zulia. Kabla hajajibu, upande wa pili kukasikika mlango, viti vikisogezwa, sauti nyingi. Sauti ya bosi ikageuka, ikawa changamfu, ya mkutanoni.

"Mabibi na mabwana, niko na mhandisi wetu kutoka Tanzania, mwenye ripoti mliyonayo mezani. Atathibitisha tu kwamba paa ni kavu. Atupokile?"

Simu ilikuwa kwenye spika, na Mtaliano alikuwa anasikia kila neno. Nje, wachuma chai walikuwa wamesogea karibu, hawaelewi lugha lakini wanaelewa uso.

"Linavuja," alisema Atupokile.

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nimekaa ndani yake sasa hivi. Linavuja upande wa kushoto. Ripoti ya asubuhi niliisaini bila kulizunguka gari kulikagua. Gari lilikuwa limefunikwa siku zote tatu. Kosa hilo ni langu. Futeni ripoti."

"Kuna matatizo ya mtandao," alisema bosi haraka. "Tutampigia..."

"Namsikia vizuri sana," ilisema sauti nyingine. Ilikuwa ya mwanamke mzee, kavu, isiyo na haraka. "Mimi ni mwenyekiti wa bodi hii. Mhandisi, je, dawa ipo?"

"Ipo, mama. Mfereji na mpira. Vilichorwa miaka miwili iliyopita."

"Vilichorwa? Basi kwa nini havipo kwenye gari? Nani aliviondoa?"

Atupokile alifungua mdomo. Jina la bosi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, tayari, lina miaka miwili ya hasira nyuma yake.

Mkono wa Mtaliano ukatua juu ya simu, ukaifunika.

"Bado," alinong'ona. Uso wake ulikuwa mweupe kama shati lake. "Kuna kitu sijakuambia. Niliposikia umeukataa mfereji wangu, nilikasirika. Nikasema basi, kama hautakiwi, uondoke. Wakaniletea karatasi ya kuufuta. Nikaisaini. Peke yangu. Jina lake yeye halipo popote."

"Ulisaini?"

"Kwa hasira. Hata sikuisoma hadi mwisho, wala sikudhani wangeuondoa kweli. Ukimtaja, ataitoa karatasi hiyo mbele yao, na wewe utaonekana mwongo mara ya pili kwa siku moja. Na mimi nimekwisha. Nina miaka sitini na minne, hakuna atakayenipa gari lingine la kuchora."

Chini ya kiganja chake, simu ilikuwa inaongea. "Mhandisi? Bado upo? Nimeuliza nani aliviondoa."

"Nipo!" alijibu Atupokile kwa sauti kubwa, akaanza kuubandua mkono wa Mtaliano kwenye simu, kidole kimoja baada ya kingine.